Kuupanda Mto Nduruma na Shemeji Asiyetaka Kulowa

Kila nikifika kijiweni Sakina, kabla sijavuta kiti, mtu ananiuliza kama ule mto niliumaliza. Halafu mnatazamana na kucheka, na hapo najua Shayo ameshapita kusimulia upande wake. Sasa naandika upande wangu mara moja tu. Someni wote, kisha mniache ninywe kahawa yangu.

Kwa asiyenijua vizuri, nilianza maisha kama mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, nikipanda Meru na Kilimanjaro na mahema ya watu kichwani. Sikuwa na mjomba ofisini wala mfadhili. Kiingereza nilijifunza kwa kusikiliza wageni wakilalamika hemani. Nikafika Norwei, nikaosha vyombo, nikabeba maboya, nikaanguka kwenye maji ya barafu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na mwisho nikarudi na stashahada ya uongozaji wa safari za mito ya milimani. Hapa Arusha sijakutana na mwingine mwenye stashahada hiyo, na nimeuliza.

Vibali na simu za kuomba ruhusa sitavieleza, maana havina utamu. Jambo lenyewe ni hili. Mama aliyekuwa bosi wangu kule, anaitwa Ingrid, alikubali kuniletea wageni kila kiangazi wapande mto wetu wa Nduruma kutoka tambarare hadi chemchemi mlimani. Sharti lake lilikuwa moja: kwanza niutembee mwenyewe, wote, kutoka unapoishia hadi unapoanzia, pamoja na mtu wa pili atakayemthibitishia. Nikishindwa, narudi kuongoza wageni wa kampuni za wengine, nikivaa fulana zenye majina ya wengine. Hiyo ndiyo iliyokuwa roho yangu yote.

Mtu wa pili akawa Shayo, mume wa dada yangu Nai. Ni Mchaga wa Kibosho, anauza matairi mjini, ana gari zuri, na alitaka kuiona biashara kwa macho kabla hajaingiza gari lake. Sikumchagua kwa mapenzi.

Nduruma: mto bila maji

Nilikuwa nimepanga tuanze asubuhi kwa kuchovya miguu majini. Tulipofika chini kabisa, kulikuwa na mchanga, kwato za mbuzi, na chupa ya dawa ya nyanya. Maji yote yalikuwa yameshaingia mashambani huko juu. Shayo alisimama ukingoni akauliza kama stashahada yangu inahusu pia mito ya aina hii.

Tukaanza kutembea ndani ya mchanga. Mimi nilikuwa na kofia ngumu, kamba begani na kifaa cha kupima mwinuko mkononi. Shayo alikuwa amevaa kizibao cha njano kinachong'aa, alichokitoa dukani kwake ili gari lisimgonge, ingawa sijui ni gari gani lingepita mtoni. Tulipokaribia mashamba ya kwanza tulisikia mashine za kuvutia maji zikinguruma. Tukasogea, moja ikazimwa. Tukasogea tena, ikazimwa nyingine. Kila tulipotia mguu, mbele yetu palikuwa kimya.

Ndipo mwanamke mmoja akatoka kwenye mahindi, kitambaa kichwani, akasimama katikati ya mto akiwa amefunga mikono. Jina lake Mama Upendo. Alisema mashine hatufungi leo, labda tumfunge yeye. Nilimweleza kwamba hatujatoka ofisi yoyote ya maji, tunatembea tu. Akasema watu wa maji siku zote huanza kwa kusema wanatembea tu.

Nikamweleza habari ya utalii. Nilieleza vizuri, kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa.

"Utalii wa nini?" akauliza. "Tembo wako wapi?"

"Mama," Shayo akadakia, "na mimi namuuliza hivyo tangu asubuhi."

Tulipelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti alikuwa msibani. Tukamngoja kwenye benchi hadi jua likahama upande. Mama Upendo alituletea makande yaliyoungwa vizuri sana, akatusimamia tukila, kwa sababu kutushuku kulikuwa kitu kimoja na kutuacha na njaa kulikuwa kitu kingine. Shayo alikula sahani mbili. Mwenyekiti alipofika, akasoma vibali vyangu akivigeuza mbele na nyuma, Shayo alikuwa ameshajua ni nani kijijini mkanda wa mashine yake umekatika, na ameshaahidi kuleta mipya. Tuliagwa kama ndugu. Yeye, yaani. Mimi niliambiwa nisitembee tena na kile kifaa mkononi.

Tambarare hadi barabara ya Moshi

Hiki ni kipande cha kuchosha na hakuna jinsi ya kukipamba. Vumbi, vitunguu, ng'ombe wanaotazama. Maji yalianza kuonekana kidogo kidogo, kwanza tope, halafu kijito cha kuvuka bila kuruka. Tulipokaribia barabara kuu, Shayo aliketi kwenye jiwe akatangaza kwamba miguu yake imekwisha, na kwamba leo ni siku ya soko Tengeru.

Nilimwambia safari haikatwi. Akasema haikatwi, inapumzika. Tukabishana mpaka tukawa tunarudia maneno yale yale, na mwisho nikakubali kwa masharti kwamba tutarudi kuanzia hapo hapo tulipoachia. Nikapanga mawe, moja juu ya jingine, ukingoni.

Huko Tengeru Shayo alikuwa mtu mwingine kabisa. Miguu iliyokwisha ilizunguka soko lote. Alikula machalari ya ndizi kwa mama mmoja, akaonja parachichi kwa mwingine, akasalimiana na nusu ya Wachaga waliokuja kununua ndizi, na kwa kila mmoja alinitambulisha kwa kusema, "Huyu ni shemeji yangu, anatembea mtoni." Wakanipa pole. Aliponunua viatu vya mpira nikapata matumaini kwamba sasa ataingia majini.

Kesho yake tulirudi, na mawe yangu hayakuwepo. Mtu alikuwa ameyachukua kuzibia mfereji wake, nayaona pale pale, yamekaa vizuri. Shayo alisema tuliachia karibu na mgunga uliopinda. Mimi nilijua si mgunga ule. Ili kuwa na uhakika nilirudi chini mwendo mrefu hadi mahali nisipoweza kupakosea, nikaanza upya. Shayo alikaa kivulini kunisubiri, akanunua miwa kwa mpita njia, na nilipomfikia natiririka jasho alinipa kipande cha mwisho, ambacho kilikuwa fundo.

Korongoni

Juu ya barabara ya Moshi ndipo mto unakuwa mto. Hapa niacheni nisifu kidogo, kwa maana nilivyoona ndivyo nilivyomwahidi Ingrid. Bonde linakunjamana, kuta zinapanda pande zote mbili hadi migomba ya watu inaonekana juu kama nyasi. Maji ni baridi ya kuuma meno, yanapita kati ya mawe meusi makubwa kama nyumba, na ukikaa kimya unasikia sauti yake tu. Upande huu Waarusha, ng'ambo Wameru, na katikati hakuna mtu.

Njia inakulazimisha kuvuka maji kila baada ya mwendo mfupi. Mimi navuka na viatu vyangu, ndivyo inavyofanywa. Shayo kila tulipovuka alikaa chini, akavua viatu vya mpira, akavua soksi, akakunja suruali, akavuka akishika mawe kwa vidole, akakaa tena, akafuta miguu kwa leso, kidole kwa kidole, akavaa. Nilimweleza kwamba viatu vya mpira vilibuniwa kwa ajili ya maji. Akasema anavitunza.

Alikuwa anafuta vidole nilipoona maji yamebadilika rangi. Yalikuwa kama kioo, sasa yakawa kama chai ya maziwa, na juu yake yanaelea majani na vijiti. Kule nilikosoma, mto ukibadilika rangi huulizi sababu, unatoka. Nilimkamata shemeji ukosi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, nikamfunga kamba, nikapanda ule ukuta na kumvuta. Maji yalipanda hadi yakafunika jiwe alilokuwa amekalia. Hilo analiruka anapowasimulia, mnaweza kumuuliza.

Juu tulitokea kwenye shamba la migomba. Bibi mmoja alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha kukata, kisha akauliza kwa nini tunapanda ukuta kama nyani wakati njia iko pale. Nikamwambia mvua imenyesha mlimani. Akatazama juu: Meru yote ilikuwa wazi hadi kileleni. Akasema mvua haipo, ni mfereji umefungwa kwa ajili ya msaragambo, kwa hiyo maji yote yamerudishwa mtoni.

Nilizaliwa kando ya mfereji huo huo, nilipaswa kukumbuka. Lakini nasema tena, hata ningejua, ningetoka vile vile, na kwa kasi ile ile.

Banio

Mfereji wetu unaanzia kwenye banio, pale mto unapozibwa kwa mawe na magogo ili sehemu ya maji igeukie mashambani. Na msaragambo, kwa wale mliokulia mjini, ni siku ya kazi ya pamoja: kila nyumba yenye zamu ya maji inatoa mtu, kila mtu ana kipande chake cha kusafisha, na hakuna kisingizio. Tulikuta wanaume wengi ndani ya mfereji mkavu, tope hadi magotini. Njia ya kwenda chemchemi inapita katikati yao.

Mwenyekiti wa mfereji ni Loserian. Huyu ni rika langu, tulitahiriwa msimu mmoja, na rika hata ukirudi na ndege yako mwenyewe bado ni yule aliyekuona ukitetemeka. Hatukuwa tumeonana tangu niondoke. Alinitazama kuanzia kofia ngumu hadi viatu.

"Umechelewa," akasema. "Kipande cha baba yako kile pale, kwenye miiba. Nakichimba mimi tangu mzee wako alipofariki."

Nilisema asante, ila niko safarini. Akasema wote wako safarini. Nikamweleza kazi yangu ya sasa na ile stashahada. Akauliza kama ina mpini. Wale wa mferejini wakacheka, na Shayo, ndugu yangu wa ndoa, akacheka zaidi yao.

Basi nikaomba tupite, nikitumia heshima zote. Loserian akapanda kutoka mferejini, akasimama mbele ya Mzee Lemali, mkubwa wao, aliyekuwa amekaa juu ya gogo na blanketi lake. Nikamwamkia Mzee. Loserian akazungumza polepole, sasa bila utani, ili kila mtu asikie.

Alisema chemchemi haimkatazi mgeni. Mgeni akija na watu wake, wanasindikizwa, wanaona, wanarudi, hata kila mwaka, hata wakiwa wanalipana wao kwa wao. Lakini mtu wa mfereji hawezi kupeleka watu kule kwa biashara, kwa sababu maji yale si yake peke yake, na kuyafanyia biashara ni kuwauza wenzake. Kwa hiyo nichague. Nikipita kama mgeni, niwalete Wazungu wangu nipendavyo, ila nyumba ya baba yangu inaondolewa kwenye mfereji, na zamu yake wanagawana majirani. Nikipita kama mtu wa mfereji, zamu ni yangu, na biashara basi.

Nilijaribu kutafuta njia ya katikati. Nikauliza kama naweza kuwa mgeni kwa kiangazi hiki tu. Mzee Lemali hakuinua hata sauti.

"Baba yako alikuwa mtu wa mfereji," akasema. "Wewe ni nani, tutajua ukisema."

Shayo akanivuta pembeni. Alinikumbusha kwamba Mama anaishi kwao mjini, kwamba ile migomba hakuna anayeila, kwamba sijashika jembe tangu nikiwa darasani. Yote kweli.

"Sema mgeni, shemeji," akaninong'oneza. "Neno moja tu. Halafu tunapanda."

Nikarudi mbele yao kulisema. Ni neno ambalo nimelizoea. Miaka yote ile nimelisema kwa lugha tatu, kwa maaskari wa mipakani, kwa wenye nyumba, kwa madaktari, kwa watoto wa shule walionishika nywele. Nimekuwa mgeni mpaka nikawa hodari. Nikafungua mdomo, majembe yamesimama, na Loserian ananitazama kama mtu asiyejali nitasema nini, ila alikuwa ameacha kupumua.

"Nipe jembe," nikasema.

Shayo aliketi chini palepale, kwenye tope, na suruali yake safi.

Sitaeleza kile kipande. Miiba ilikuwa imefungana kama iliyosukwa, na mizizi chini yake ilikuwa inanisubiri mimi binafsi. Hakuna aliyenisaidia, kwa sababu kipande cha mtu hakisaidiwi ikiwa mwenyewe yupo. Wanawake walileta loshoro kwenye vibuyu, yale mahindi na mtindi niliyoyaota nikiwa ughaibuni, na nilipoletewa yangu nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa kuyainua. Shayo alikuwa amekaa na Mzee Lemali kwenye gogo, kama mgeni wa heshima, akimiminiwa chai.

Chemchemi

Tulipanda siku iliyofuata, mimi na Loserian, na Shayo akaja nyuma na vijana wawili wa kumsindikiza, kwa kuwa yeye ni mgeni na mgeni haachwi. Msitu ni mzito, una ukungu, na mto unazidi kuwa mdogo hadi unausikia tu chini ya majani. Tukavua viatu. Mara hii Shayo hakuwa peke yake.

Chemchemi yenyewe ni shimo chini ya mzizi wa mti, maji yanatoka bila haraka, bila kelele. Loserian alinichotea kwa mkono wake nikanywa. Nilikuwa nimeutembea mto wote, kuanzia mchanga hadi hapa, na sikuwa na biashara tena.

Shayo alitazama lile shimo akasema haliwezi kuosha hata pikipiki. Kisha akanyamaza, na mimi nimeishi naye vya kutosha kujua kwamba akinyamaza anapiga hesabu. Akamgeukia Loserian, kwa upole kabisa.

"Na mimi, mwenyekiti? Mimi sina maji hapa."

Loserian alifikiri kwa muda, kwa sababu ni mtu wa haki.

"Wewe, Mangi, ni mgeni," akasema, kwa lile jina la heshima wanaloitwa Wachaga. "Ukileta watu wako, tutawasindikiza."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha.

Ingrid hakuona tatizo. Alitaka aliyeupanda mto hadi juu, na Shayo amefika juu. Wageni wanakuja kiangazi hiki na anayewaongoza ni muuza matairi anayefuta miguu kwa leso. Nimemfundisha kufunga kamba, nimemfundisha kusoma rangi ya maji, bure, kwa sababu Loserian ametangaza kwamba nisiguse faida hata ya chakula cha mchana. Stashahada iko ukutani kwa Mama, anawaonyesha wageni wa kanisani.

Mimi zamu yangu ya maji ni Alhamisi, hivyo siku hiyo msinitafute kijiweni. Wageni watapita banio siku hiyo hiyo, na Shayo jana amenipigia simu kuniomba nisimame mferejini na jembe langu wakati wanapita, nisivae kofia ngumu, kwa sababu wanapenda sana kupiga picha wenyeji.